Mashine Isiyojua Malale

Mkurugenzi wetu alishuka kwenye ndege ndogo pale Arua akiwa amevaa suti ya sufi, kiangazi kikiwa kikali, akalikanyaga vumbi la uwanja kwa ncha za viatu kama mtu aliyeambiwa kwamba ardhi ile inaambukiza. Nilikuwa nimekwenda kumpokea. Alinipa mkono huku akiangalia nyuma yangu, akimtafuta meneja wa mradi.

"Meneja ni mimi," nikamwambia.

"Ah," akasema. "Waliniambia ni mtu wa huku. Hawakuniambia ni mwanamke."

Mlinzi wa uwanja, mzee wa watu, alimwambia kwa Kiswahili, "Karibu, mkubwa." Mkurugenzi hakujibu. Alikuwa mtu wa Kampala, na kwake yeye Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na wezi. Alijivunia kutojua hata neno moja, kama wengine wanavyojivunia kutowahi kufungwa. Mimi nilizaliwa kambini, baba yangu askari, na Kiswahili ndicho kilichonibembeleza kabla sijajua kwamba mama ana lugha yake nyingine. Kwa hiyo siku ile ile ya kwanza tulidharauliana, kila mtu kwa sababu zake, na sijawahi kuona haja ya kuzibadilisha zangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kampuni iliyotuajiri ilitengeneza vifaa vya hospitali huko Ulaya, mashine za kupima presha na za kusikiliza moyo. Sasa ilikuwa imeunda kitu kipya: mashine inayofikiri. Siku hizi wanaiita akili bandia na kila mtoto amesikia habari zake. Wakati ule tulisema tu kompyuta yenye akili. Ilikaa ndani ya sanduku la chuma, ikiwa na mkanda wa kumfunga mgonjwa kifuani ili ihesabu pumzi na mapigo ya moyo, na ndani yake mlikuwa na maswali mengi. Unamwuliza mgonjwa, unabonyeza ndiyo au hapana, mashine inachagua swali linalofuata, na mwishowe inataja ugonjwa. Madaktari bingwa wa huko walikuwa wamekaa na wahandisi wakawaeleza jinsi wanavyofikiri, na fikra zao zikatiwa humo.

Miji ya Arua na Koboko ilichaguliwa kuletewa masanduku kadhaa ya majaribio kwa sababu, kama alivyosema mkurugenzi, "ikifanya kazi kule, itafanya kazi popote." Nimewahi kusikia watu wakisema hivyo kuhusu matairi.

Mimi nilikuwa nimesomea utabibu, nikafanya kazi vituoni, kisha nikachukua mafunzo ya kompyuta Kampala. Hawakupata mwingine mwenye vyote viwili aliyekubali kurudi huku kwetu Nile Magharibi. Kazi yangu ilikuwa kusimamia kila kitu: jenereta, gari, wauguzi wa kuitumia mashine, na kuyageuza maswali yaeleweke kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili cha huko kwetu, ambamo "nalala" ni mimi, wewe na hata yeye. Pamoja nami alikuwapo mhandisi mmoja, Mzungu kijana mwenye pua iliyoungua jua, aliyepanga nyumba karibu na kwangu, mtaa wa Mvara pale Arua. Alikuwa mpole na aliijua mashine yake kama mama anavyomjua mtoto. Sikumchukia. Nilimdharau kidogo tu, kama unavyomdharau mtu anayepika kwa ustadi mkubwa chakula kisicholika.

Maana maswali yenyewe yalikuwa kichekesho. Wiki ya kwanza Koboko alikuja mzee mmoja anayekohoa. Mashine ikataka kujua kama anaishiwa pumzi akipanda ngazi. Nikamwuliza.

"Ngazi ya nini?" mzee akasema.

"Ngazi tu, mzee. Ukipanda."

"Mimi hapana mwizi. Napanda ngazi kwenda wapi?"

Nikamweleza mhandisi kwamba Koboko yote haina nyumba ya ghorofa ambayo mzee huyu angepanda. Akafikiri sana, akasema nibonyeze hapana. Mashine ikafurahi kwamba mzee haishiwi pumzi, ikasema ana mafua. Mzee alikuwa na kifua kikuu, mtu yeyote mwenye masikio angekisikia kutoka barabarani. Tukamtuma kupimwa makohozi, na mhandisi akaandika kwa unyenyekevu kwamba swali la ngazi litazamwe upya. Mkurugenzi alipoletewa habari hiyo alisema watu wa huku wanajibu vibaya.

Hayo yote ningeyavumilia. Nilikuwa nimevumilia makubwa zaidi. Lakini kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao mashine ile haikuujua kabisa, nao ndio ugonjwa uliokuwa ukitembea katika vijito vyetu.

Serikali ya wanajeshi ilipoanguka mwaka 1979, sisi watoto wa askari hatukuhitaji redio kutuambia. Muda si muda tulivuka mpaka kuingia Zaire, na huko tukaishi kando ya mto, kwenye vibanda vya nyasi. Mama yangu mdogo, mdogo wake mama, ndiye aliyetupikia. Alikuwa mwanamke wa vicheko na mikono isiyotulia. Halafu akaanza kusinzia juu ya chungu. Mchana alilala, usiku alizunguka kibanda akizungumza. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema ni majonzi ya kumpoteza mumewe, na wengi walisema ni uvivu. Walimwambia hivyo usoni. Alikufa amekonda, akiitwa mvivu.

Miaka ilipita. Nilikuwa darasani nikisomea utabibu, mwalimu akafundisha ugonjwa wa malale: jinsi mbung'o, yule nzi anayenyonya damu, anavyoupandikiza, jinsi tezi zinavyovimba nyuma ya shingo, jinsi unavyopanda hadi kwenye ubongo. Nikaomba ruhusa nikatoka nje. Nilisimama ukutani nikikumbuka kwamba mama mdogo alikuwa akilalamika shingo, na sisi watoto tulikuwa tukimkanda.

Tuliporudi Koboko katikati ya miaka ya themanini, nyumba hazikuwa na mapaa na pori lilikuwa limefika mlangoni. Palipokuwa na mashamba palikuwa na vichaka, na penye vichaka na maji, mbung'o walikuwa wamezaana wapendavyo. Malale yalikuwa yamerudi kabla yetu.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa nilimwuliza mhandisi, "Mashine inajua malale?"

Akatafuta. "Hayamo," akasema.

"Basi yaweke."

"Orodha ya magonjwa inapangwa makao makuu," akasema. "Nitawauliza."

Mwanamke mmoja wa kijiji cha Lurujo aliletwa kituoni Koboko wakati wa kuvuna simsim, yaani ufuta. Mumewe alimpakia nyuma ya baiskeli, amemfunga kwa kitenge kiunoni pake yeye mwenyewe ili asianguke. Mume alikuwa askari wa zamani, mrefu, mwenye ndevu za mvi zilizokatwa kijeshi. Mke alikuwa bado kijana, lakini uso wake ulikuwa umevimba kidogo, na macho yake yalifunguka kwa shida kama mlango uliolowa mvua.

"Huyu iko na usingizi tu," mume akasema. "Mchana nalala kwa shamba, jembe mkononi. Usiku natembea kama mutu ya wazimu. Watoto hapana kula. Mimi nasema ni uvivu. Mama yangu nasema ni shetani. Sasa mashine ya Wazungu iseme."

Muuguzi akamfunga mkanda kifuani. Maswali yakaanza. Unalala vizuri usiku? Hapana. Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Mumewe akajibu kwa niaba yake: ndiyo. Unalia bila sababu? Ndiyo. Homa? Huja na kuondoka. Mashine ikanguruma, ikatoa karatasi yake: malaria kidogo, na huzuni. Apewe vidonge, ashauriwe kupumzika na kuzungumza na watu anaowapenda.

Mume alitaka kujua imesema nini. Muuguzi akamwambia.

"Huzuni!" akasema kwa sauti kubwa, akigeukia watu waliokuwa kwenye foleni. "Mnasikia? Hata mashine imesema hana kitu!"

Mimi nilikuwa nimeshasimama nyuma ya yule mwanamke. Niliingiza vidole chini ya kilemba chake, nikapapasa. Tezi zilikuwa pale, zinateleza chini ya ngozi kama maharage yaliyoiva. Hakuuliza ninafanya nini. Aliegemeza kichwa chake tumboni mwangu, akasinzia.

Amri ya mkurugenzi ilikuwa kwamba mgonjwa aliyepimwa na mashine asipelekwe kwingine mpaka muda wa kumfuatilia uishe, ili matokeo yasichafuliwe. Nilimwita dereva atoe gari la mradi.

Mume alikataa. "Mashine imesema hapana ugonjwa. Wewe ni nani kuliko mashine?"

Ningeweza kumfokea, ulimi ulikuwa tayari. Lakini niliwajua watu wa namna yake tangu utotoni. "Afande," nikamwambia, "kule jeshini, ramani ikisema hapa hapana mto, na wewe umesimama kwa maji mpaka kiunoni, nafuata nini?"

Alinitazama. Kisha kona ya mdomo wake ikapanda. "Nafuata maji," akasema.

"Basi panda gari."

Barabara ya Koboko kwenda Arua ilikuwa mashimo matupu. Alimshika mkewe njia nzima, kichwa kisigonge kioo. Katika hospitali walikokuwa wakitibu malale walitoboa tezi kwa sindano, wakaweka tone kwenye hadubini, na fundi wa maabara akaniita nione mwenyewe. Vijidudu vilikuwa vikijinyonganyonga kati ya chembe za damu. Wakatoa maji ya uti wa mgongo. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ubongo.

Dawa ya hatua ile ilikuwa na aseniki, sumu kabisa, ndani yake. Iliunguza mishipa ya mkono kama moto, na wengine iliwaua kabla ya malale kuwaua. Madaktari walimweleza mume hivyo bila kumficha. Alisikiliza amesimama wima, mikono ubavuni. Sindano ya kwanza ilipoingia, mkewe, ambaye kwa miezi hakuwa amepandisha sauti, alipiga ukelele uliosikika mpaka uani. Mume alitoka nje akachuchumaa kando ya ukuta, akang'oa nyasi moja moja.

Mkurugenzi wakati huo alikuwa amefikia katika nyumba moja ya zamani kule juu, Arua Hill, zile zilizojengwa wakati wa ukoloni, zenye varanda pana. Nilimkuta anakunywa chai na mhandisi.

"Umetumia gari bila ruhusa," akaanza. "Umemtoa mgonjwa ndani ya majaribio. Umechafua matokeo."

"Ana malale. Mashine ilisema ana huzuni."

"Inawezekana ana vyote viwili."

"Angebaki pale angekufa."

"Mradi una utaratibu wake wa kuandika vifo," akasema, akachovya biskuti kwenye chai.

Sitaki kumpaka matope kuliko alivyojipaka mwenyewe. Alisema hivyo, kwa maneno hayo, na biskuti ikakatika ikazama kikombeni, akaita aletewe kijiko. Jambo hilo la biskuti ndilo lililomuudhi zaidi siku ile.

Nilimgeukia mhandisi. "Uliwauliza makao makuu?"

Alikuwa amewauliza, kwa simu, alipokuwa Kampala. Uso wake ukawa mwekundu kuliko pua. "Wamesema malale hayatawekwa," akasema. "Mashine ikikamilika itauzwa Ulaya na Amerika. Huko hakuna malale. Hakuna atakayeinunua kwa ajili ya ugonjwa huo."

"Na sisi tunaoijaribu?"

Akaitazama sakafu. "Hapa ni majaribio tu."

"Ni kazi ya muda gani kuuweka?"

"Kuuweka wenyewe ni rahisi," akasema kwa sauti ndogo. "Ningeweza kuuweka leo."

Hakuuweka. Alikuwa na uwezo, alikuwa na huruma, na hakuuweka. Watu wa namna hiyo ndio walionifundisha kwamba upole ukikosa ubavu ni tabia ya mezani tu, kama kujua kushika uma.

Mwanamke wa Lurujo alipona polepole. Kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, zilikuja habari kwamba wakubwa wa kampuni na maofisa wa wizara wangekuja Koboko kuiona mashine. Mkurugenzi akapata wazo. Aliniita akaniambia kwamba mgonjwa yule alitibiwa wakati mradi ukiendelea, gari la mradi ndilo lililompeleka, na meneja wa mradi ndiye aliyemtambua. Kwa hiyo, akasema, si uongo kusema mradi ulimwokoa. Na mradi ni nini kama si mashine? Alitaka mwanamke huyo akae mbele, wageni wamwone. Mimi nitafsiri hotuba yake, kwa kuwa yeye lugha za kule hazijui.

"Nitafsiri kwa lugha gani?" nikamwuliza.

"Yoyote. Ile yao."

Siku ya wageni turubai lilifungwa juu ya ua wa kituo cha afya, viti vya wageni vikapangwa kivulini na watu wakasimama juani, kama kawaida. Mwanamke alikaa mbele amevaa kitenge kipya, mumewe amesimama nyuma yake. Mkurugenzi alikuwa na suti ile ile. Alisema mashine hii ni daktari asiyechoka, nami nikatafsiri. Alisema ni rafiki wa watu wa Koboko, nikatafsiri, ingawa ulimi ulinikwaruza. Kisha akanyoosha mkono kwa yule mwanamke, akasema kwamba mama huyu alikuwa anakaribia kufa, na mashine ikautambua ugonjwa wake pale watu walipokuwa wameshindwa.

Akanikonyeza niendelee.

"Huyu mkubwa," nikasema kwa Kiswahili cha sokoni pale, polepole, kila mtu asikie, "nasema mashine ndio ilijua ugonjwa ya huyu mama. Hiyo ni uongo. Mashine ilisema iko na huzuni. Tulishika shingo yake, hospitali ikamponya. Kama mutu yako nalala mchana na usiku natembea, usilete kwa hii sanduku. Shika nyuma ya shingo, hivi. Ukikuta kitu kama maharage, peleka hospitali haraka. Usimwite mvivu."

Bibi mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata, na mkurugenzi akaweka mkono kifuani akainama kidogo kushukuru. Yule askari wa zamani, aliyejua Kiingereza cha kambini na Kiswahili pia, alikuwa akitetemeka mabega kwa kicheko alichokibana.

Halafu watu wakaanza kushikana shingo. Uani kote, mke alimgeuza mume, mama alimwinamisha binti, wazee wakapapasana taratibu na macho wameyafumba.

Mkurugenzi akaniegemea sikioni. "Wanafanya nini?"

"Wanatoa heshima," nikamwambia.

Basi naye, mbele ya wageni wote, akainua mkono akashika nyuma ya shingo yake mwenyewe, kwa taadhima kubwa. Nimesikia kwamba miaka mingi baadaye bado alikuwa akiwasimulia watu Kampala juu ya desturi hiyo nzuri ya watu wa Koboko.

Ofisa mmoja wa wizara alikuwa akijua Kiswahili. Alicheka ndani ya leso yake mpaka mwisho wa hotuba, na jioni, kwa wema au kwa uchokozi, akamweleza mkurugenzi. Asubuhi niliitwa Arua Hill.

"Umeniaibisha mbele ya wageni," akasema.

"Hukuaibika. Ulifurahi sana."

Akanifukuza kazi kwa Kiingereza kirefu chenye koma nyingi. Nilitembea kwa miguu kurudi Mvara, na njiani niligundua kwamba ninaimba.

Mradi ulidumu kidogo bila mimi. Vumbi likaingia kwenye sanduku moja, joto likaliua jingine, na yaliyobaki yakapakiwa kwenye lori. Nilisikia kwamba taarifa ya mwisho ilisema majaribio yalifanikiwa. Sishangai. Watu wale wangeweza kuzama mtoni na kuandika kwamba walioga.

Mhandisi alikuja kuniaga. Alikaa barazani kwangu, akaniuliza kwa aibu kama ningeweza kumwangalia shingo, maana mchana alikuwa akisinzia sana. Nilimwangalia. Hakuwa na kitu, lilikuwa joto tu. Alishukuru, akainuka, akasema, "Afadhali ningeyaweka yale malale." Kisha akaondoka.

Baada ya siku ile ya turubai watu wengi wa Lurujo na vijiji vya jirani walikwenda hospitali wakishika shingo zao. Wengi hawakuwa na kitu. Wengine walikuwa na malale kweli, na kwa baadhi yao yalikuwa bado hayajafika ubongoni. Timu iliyokuwa ikizunguka kupima malale ilinichukua, nikazunguka nayo miaka kadhaa, kijiji kwa kijiji, nikipapasa shingo za watu na kuwasikiliza wakinieleza nani kwao anaitwa mvivu.

Katika mizunguko hiyo nilifika nyumbani kwa yule mwanamke. Nilimkuta uani akipepeta simsim. Mguu mmoja aliuburuta kidogo, lakini mikono ilikuwa myepesi. Mumewe alikuwa ametoka kisimani na madumu mawili ya maji, kazi ambayo askari wa zamani wa pale kwetu haifanyi mbele ya watu. Aliyaweka chini haraka aliponiona.

"Salaam alekum, daktari," akasema. Kisha akamwambia mkewe, "Ndiye huyu."

Mwanamke alinitazama vizuri, kwa adabu, akatikisa kichwa. Hakunikumbuka. Hakukumbuka gari wala hospitali, wala sindano. Kutoka mavuno fulani hadi mavuno mengine, akasema, kuna giza tu.

Mumewe aliona haya kwa niaba yake, akaanza kumweleza tangu mwanzo. Nikamwambia aache. Nilitaka kubaki namtazama tu, mwanamke aliye macho mchana kweupe.

Yeye aliona mgeni amesimama bila kazi. Akasogea kwenye mkeka, akanipa ungo wa pili.

"Kama wewe nakaa, saidia," akasema. "Upepo iko mzuri sasa."

Nikaketi, tukapepeta mpaka chakula kikaiva.